Tuliyoyaona angani Kisumu na magharibi ya Kenya: uzi wa waliokaa dirishani na wa waliotazama wakiwa chini

Mwanzisha uzi, Kisumu

Ndugu wanajukwaa, kwa miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa nikisafiri kwa ndege kati ya Kisumu na Nairobi kwa sababu za kikazi, na karibu kila mara humkuta abiria wa dirishani ameshafunga kifuniko cha dirisha kabla hata mlango wa ndege haujafungwa. Safari yenyewe haifiki saa moja. Ninafungua uzi huu ili tuandikiane tuliyoyaona kwa macho yetu, tukiwa angani au tukiwa chini tunaitazama ndege ikipita. Nitaanza mimi, na ninalotaka kulisema ni kwamba huku kwetu Ziwa Victoria ndilo linaloamua. Ndege hutua kwa upande ambao ziwa limetaka na hutikisika kwa saa ambazo ziwa limetaka, na katika yote niliyowahi kuyaona dirishani, yaliyonikaa moyoni zaidi yalitoka majini.

Mwaka 2016 nilikuwa nikimrudisha nyanya yangu nyumbani Seme baada ya wiki sita za matibabu Nairobi. Hakuwa amewahi kupanda ndege, na alikubali tu kwa sababu mgongo wake usingestahimili safari ya barabara. Tuliondoka jioni, giza likiwa limeshaingia. Nilimkalisha dirishani upande wa kulia, nikamfunga mkanda, naye akakishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili na kuanza kuomba kimyakimya, midomo ikicheza. Hakukiachilia kiti kile hadi tulipokuwa tumepita juu ya maji na ndege ikainama kulia kuugeukia uwanja. Chini yetu palijaa taa, mamia ya taa. Nikamwambia, "Nyanya, tumefika, huo ndio mji wa Kisumu."

Akasogeza uso wake hadi kioo kikapata ukungu wa pumzi yake, akakifuta kwa ncha ya leso, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, huo ni mji gani usio na barabara? Hao ni watu wa omena. Leo mwezi haupo."

Nilipotazama vizuri niliona kwamba alisema kweli. Taa za mji hujipanga kwa mistari, kwa sababu zinafuata barabara na nyumba, lakini zile zilikuwa zimetawanyika kama punje zilizomwagika mkekani, na kila moja ilikuwa na duara lake la mwanga uliokuwa ukitetemeka juu ya maji. Kwa wasiofahamu, uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwa hili, hufanywa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola, omena wakaufuata mwanga na kukusanyika, kisha wavu ukazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, na mashua nyingi hubaki ufukweni. Marehemu babu alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na nyanya alikuwa amezitazama taa zile kutoka nchi kavu kwa zaidi ya miaka hamsini. Usiku ule alizitazama kutoka juu kwa mara ya kwanza. Mikono yake ilikuwa imekiachilia kiti. Akaniuliza kama wao pia wanatuona, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba mwenye lake aliweke hapa.

Mchangiaji, Kakamega

Ahsante kwa kufungua uzi huu. La kwangu si zuri kama la nyanya, lakini linathibitisha ulilosema kuhusu ziwa.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Aprili, na tulikuwa tumeshateremka kiasi kwamba niliweza kuhesabu ng'ombe katika uwanda wa Kano. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa mvua wenye rangi ya risasi, na ukuta huo ulikuwa ukisogea. Magurudumu yalikuwa yametoka, tena tulikuwa chini kabisa, ghafla injini zikanguruma, ndege ikainua pua, tukapanda tena juu kwa nguvu iliyotubana vitini. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja mbele yangu alimfunika mtoto wake kwa kitenge kizima, kana kwamba kitenge kingeweza kuzuia lolote. Baada ya dakika chache rubani alitutangazia kwa sauti ya utulivu kwamba upepo umegeuka wakati tunakaribia, kwamba ameghairi kutua kwa sababu hiyo, na kwamba tutazunguka mpaka mvua ipite. Tukazunguka juu ya maji kwa takriban dakika ishirini na tano, upande mmoja wa ndege ukiwa na jua kali na upande wa pili ukiwa na radi. Tulitua salama, na njia ya kurukia ilikuwa ikitoa mvuke.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: kwa nini safari za asubuhi huwa tulivu na za alasiri huwa za misukosuko? Na je, msafiri anayetaka kuona mengi akae upande gani?

Mwanzisha uzi, Kisumu

Nianze na la upepo, kwa maana hilo ndilo linaloeleza mengine yote. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kuijaza nafasi hiyo. Huo ndio upepo wa ziwani unaotupoza mjini baada ya adhuhuri. Hewa hiyo imebeba unyevu, nayo inapoelekea mashariki hukutana na vilima vya Nandi na nyanda za Kericho, ikalazimika kupanda, ikapoa, ikawa mawingu ya radi. Ndiyo maana Kericho inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na ndiyo maana ndege ya alasiri inayotoka Nairobi hulazimika kupenya au kuyazunguka mawingu hayo kabla ya kuteremka kwetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kwanza, hewa hushuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana katikati ya maji, na dhoruba huzaliwa huko huko majini. Ukiwa katika ndege ya jioni, tazama magharibi: utaona mawingu yakimulikwa kwa ndani, moja baada ya jingine, bila sauti yoyote. Ni jambo la kupendeza kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ndege, lakini kwa wavuvi ni hatari kubwa, na sipendi kulisimulia bila kuwakumbuka.

Kwa kuwa ndege hutua ikiukabili upepo, pepo hizo mbili ndizo zinazoamua kama utaingia Kisumu kwa kupita juu ya maji au kwa kupita upande wa nchi kavu. Upepo ukivuma kutoka ziwani, rubani huja kutoka bara akiwa ameelekea magharibi. Ukivuma kutoka bara, huzunguka juu ya ghuba na kuingia akitoka majini. Rubani wako wa Aprili alifanya jambo sahihi kabisa, kwa sababu dhoruba inapokaribia hutanguliwa na upepo wake wenyewe, nao huweza kugeuka kwa muda mfupi kuliko ule wa kukamilisha kutua.

Kuhusu upande wa kukaa, ukitoka Nairobi kaa kulia. Utauona Longonot, mlima wa mita 2,776 ambao kutoka barabarani tunauona kama kilima chenye kichwa kilichokatwa, lakini kutoka juu ni bakuli, na ndani ya bakuli kuna msitu. Halafu Ziwa Naivasha na mapaa meupe ya vitalu vya maua, halafu ukingo wa Mau, ambapo msitu na mashamba hugawanyika kwa mstari ulionyooka kiasi cha kuumiza moyo, kisha majani chai ya Kericho, kisha miraba ya mpunga ya Ahero inayong'aa ikiwa imejazwa maji. Mvua ikiwa imenyesha sana milimani utaona pia ulimi wa kahawia ukiingia ziwani. Huo ni udongo wa mashamba ya watu unaoletwa na mto Nyando, na hakuna ripoti yoyote niliyowahi kuisoma iliyonionyesha jambo hilo waziwazi kama dirisha lile lilivyonionyesha.

Ukitoka Kisumu kwenda Nairobi mambo hayo huwa kushoto. Lakini kati ya Juni na Agosti, ikiwa ndege yako ni ya kama saa tatu asubuhi na chini kuna mawingu, mimi ningekushauri ukae kulia na utazame chini, nyuma kidogo ya bawa. Utakiona kivuli cha ndege kikikimbia juu ya mawingu, na kukizunguka kivuli hicho utaona pete ya rangi, nyekundu kwa nje na samawati kwa ndani, wakati mwingine pete mbili au tatu. Si upinde wa mvua. Upinde huhitaji matone makubwa ya mvua, na pete hii hutengenezwa na vitone vidogo sana vya wingu vinavyourudisha mwanga upande ulikotoka, kwa hiyo huonekana mahali palipo kinyume kabisa na jua. Vitone vikiwa vidogo zaidi, pete huwa pana zaidi, na ndiyo maana huiona ikipanuka na kusinyaa kadiri mnavyopita kutoka wingu hadi wingu. Mara ya tatu au ya nne nilipoiona, mawingu yalikuwa karibu na kivuli kilikuwa kikubwa kiasi cha kutambua mabawa na mkia, na nikagundua kwamba kitovu cha pete hakikuwa katikati ya ndege bali mahali pale hasa nilipokuwa nimekaa. Aliyekuwa safu kumi mbele yangu aliiona ikizunguka kiti chake yeye.

Mchangiaji, Njoro

Nawasalimu kutoka upande wa Nakuru. Huku kwetu si ziwa linaloamua, ni bonde na joto lake, na ninyi mnaosafiri juu mnatupita bila kutuona vizuri.

Miaka michache iliyopita nilipanda na wanangu hadi ukingoni mwa Menengai. Kreta ile ina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, na mtu akisimama ukingoni mwake huwaona tai wakielea chini yake. Tulikuwa tunawatazama hao tai, na mvuke wa visima vya jotoardhi ukipanda kwa mbali, tuliposikia mlio wa ndege ndogo. Watoto wakatazama juu, wakatafuta, hawakuona kitu. Kisha mdogo akapiga kelele na kunyoosha kidole kuelekea chini. Ndege nyeupe ya injini moja ilikuwa ikipita ndani ya bonde la kreta, chini ya miguu yetu, na kivuli chake kikipanda na kushuka juu ya mawe meusi ya volkano. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mgongo wa ndege inayoruka.

Tena tusisahau kwamba Njoro hii ndiyo iliyomlea Beryl Markham, aliyekulia katika shamba la farasi la baba yake. Mnamo Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, usiku, akiukabili upepo wa Atlantiki, na baada ya zaidi ya saa 21 angani injini ikazimika kwa kukosa mafuta, kwa kuwa barafu iliziba njia za hewa za matangi. Alishuka katika kinamasi huko Cape Breton, Kanada, ndege ikiwa imefukia pua matopeni, naye akatoka mzima ila kwa jeraha la kichwani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini akiwa peke yake bila kutua njiani. Nimekutana na vijana wengi wa hapa wasiolijua jina lake, nami huliona hilo kuwa hasara.

Kuhusu Ziwa Nakuru, waliosafiri miaka ya zamani husimulia ukingo wa waridi wa flamingo. Tangu maji yalipoanza kupanda miaka ya 2010 magadi yamezimuliwa, chakula cha ndege hao kikapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko. Ukipita sasa utaona ziwa pana kuliko la zamani, na miti iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji.

Mchangiaji, Eldoret

Mmezungumzia mandhari, ila mimi nitasema neno moja kuhusu kuruka kwenyewe. Uwanja wetu, uliofunguliwa mwaka 1997, uko takriban mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.5 hivi. Wapo wanaodhani urefu huo ni wa fahari tu. Hewa ya huku ni nyepesi. Bawa hupata hewa chache ya kuliinua na injini hupata hewa chache ya kuchomea mafuta, kwa hiyo ndege yenye uzito uleule hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, hasa mchana wa jua kali. Mtu akiwahi kusimama nje ya uzio wakati ndege kubwa ya mizigo inaondoka ataelewa: unaiona inakimbia, inakimbia, unaanza kuwa na wasiwasi kwa ajili yake, kisha magurudumu ya mbele yanainuka polepole na uzio wote unatetemeka mikononi mwako.

Naomba pia kumuuliza mwanzisha uzi: si kweli kwamba Kisumu iliingia katika safari za kimataifa mwaka 2012?

Mwanzisha uzi, Kisumu

Mwaka 2012 ni mwaka ambao Rais Mwai Kibaki alifungua uwanja huu kama wa kimataifa, baada ya njia ya kurukia kurefushwa hadi kilomita 3.3. Lakini Kisumu ilikuwa kituo cha kimataifa miaka mingi kabla ya hapo, na hapa tena aliyeamua ni ziwa.

Mnamo Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ratiba kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo. Mwaka uliofuata njia ikafikishwa Cape Town. Kutoka Khartoum kuja kwetu abiria walipanda Short Calcutta, ndege ya injini tatu iliyotua majini kwa tumbo lake kama mashua. Sababu haikuwa anasa. Viwanja vya nchi kavu vilikuwa vichache, na mvua iligeuza udongo wake kuwa tope, hali ziwa lilikuwa tayari limesawazishwa na Mungu, kubwa kuliko uwanja wowote. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za injini nne, za safari ya Southampton hadi Durban, zilizoufuata mto Naili kupitia Khartoum na Malakal, zikatua Port Bell, kisha Kisumu, kisha zikaelekea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, njia ya kutoka Durban hadi Sydney ilipita hapa hapa.

Fikirieni, ndugu zangu: barua iliyotiwa posta Uingereza ilipakuliwa katika ghuba hii, kwa mashua, mbele ya wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao. Rubani wa ndege ya majini huogopa maji yaliyolala kama kioo kuliko maji yenye vijiwimbi, kwa sababu juu ya kioo jicho haliwezi kupima amebakiza mita ngapi. Katika hali hiyo hutangulizwa mashua ya injini ili iyavuruge maji, na rubani akapata kitu cha kukitazama. Nikisimama Dunga alfajiri, maji yakiwa hayana hata mkunjo mmoja, hilo ndilo ninaloliwaza. Siku hizi adha nyingine ingekuwa gugumaji: kutoka angani ni uwanda wa kijani ambao asubuhi umelala mbele ya bandari na jioni upepo umeshaupeleka mahali pengine, na mgeni aliyeketi kando yangu aliwahi kuniuliza kwa dhati ni mazao gani yale.

Mchangiaji, Dunga

Nimeusoma uzi huu kuanzia mwanzo. Mimi ni mvuvi wa omena kwa miaka kumi na tisa, na nimeona kwamba swali la nyanya halijajibiwa.

Ndiyo, tunawaona. Usiku ndege yenyewe haionekani, kwa sababu taa zetu zinatutia kiwi na anga lote juu yetu ni jeusi. Tunachokiona ni taa zake ndogo: nyekundu kwenye bawa la kushoto, ya kijani kwenye bawa la kulia, na nyeupe mkiani. Ni mpangilio uleule wa vyombo vya majini, kwa hiyo mtu wa ziwani huusoma bila kufundishwa. Nikiona nyekundu na kijani kwa pamoja, nyekundu ikiwa kuliani kwangu, najua inakuja. Nikiona nyeupe peke yake, imeshatupita. Inapoinama kuugeukia uwanja kwa kulia, bawa la kijani hushuka na lile jekundu hupanda, na kwa sekunde chache safu ya madirisha hufichika, kisha ndege inapojiweka sawa huonekana yote, vijinafasi vya manjano vilivyopangana.

Ndege ya jioni kwetu ni saa pia. Ikipita tunajua kwamba taa zimewaka kwa muda wa kutosha, na anayeshika kamba huanza kuzungusha wavu. Kama ulikuwa usiku usio na mwezi mwaka 2016, basi nilikuwa majini. Mwambie nyanya, kama bado yupo nasi, kwamba ndege yake ilipopita tulikuwa tumeinua vichwa.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Yupo. Nimemsomea ujumbe wako kwa simu jioni hii, polepole, mara mbili. Ameuliza usiku ule mlipata debe ngapi.